Kwa nini uchunguzi wa seli haukutoa jibu la mwisho kuhusu uvimbe wa thairoidi?

Swali:
Habari zenu, ndugu. Mama yangu ana uvimbe kwenye tezi ya thairoidi, ile iliyo shingoni. Alichomwa sindano nyembamba, seli zikanyonywa na kupelekwa maabara. Majibu yanasema kwamba ni uvimbe wa folikuli, yaani wa seli za vifuko vidogo vinavyounda tezi hiyo, na kwamba haiwezekani kujua kama ni saratani mpaka afanyiwe upasuaji. Ikiwa seli zenyewe zimeonekana kwa hadubini, ni kitu gani kilichokosekana? Je, kipimo kirudiwe?

Jibu la kwanza:
Mpe mama pole. Mtaalamu wa maabara hakukosea. Seli zinaponyonywa hutengana na mahali zilipokuwa, kwa hiyo hupimwa kwa sura yake tu: ukubwa wa kiini ukilinganishwa na seli nzima, ukingo wa kiini, na jinsi kinavyoshika rangi. Kwa saratani ya papilari, ambayo ndiyo inayotokea zaidi katika thairoidi, dalili hizo mara nyingi hutosha. Uvimbe wa folikuli hauko hivyo, kwa sababu seli za ule usio saratani na za ule ulio saratani hufanana mno, na kinachoutambulisha wa saratani ni kupenya ganda linalouzunguka au kuingia katika mishipa ya damu. Sindano haiwezi kulitoa ganda hilo likiwa zima, hivyo kurudia kipimo huenda kukaleta majibu yaleyale. Aina hii ya uvimbe mara nyingi hugunduliwa baadaye kuwa si saratani.

Jibu la pili:
Naongeza jambo moja, kwa kuwa nimeona watu wakiteseka bure kwa hofu. Hata kipimo cha seli za mlango wa kizazi, ambacho George Papanicolaou na Herbert Traut walikieleza katika kitabu cha mwaka 1943, huwabainisha wanawake wanaohitaji kuchunguzwa zaidi. Anayeambiwa ana seli zisizo za kawaida hajaambiwa kwamba ana saratani. Uthibitisho hutokana na kinyama kinachokatwa.

Muulizaji:
Nashukuru sana. Kwa hiyo upasuaji wenyewe ndio uchunguzi?

Jibu la kwanza:
Ndiyo, na huwa ni tiba pia. Mara nyingi hutolewa upande mmoja tu wa tezi, kisha ganda la uvimbe huchunguzwa kwa vipande vyembamba. Kabla ya hapo, mwulizeni daktari kama kipimo cha vinasaba kinapatikana, kwani wakati mwingine husaidia kuamua kama upasuaji unahitajika.