Wamepiga kufuli stoo yangu katikati ya msimu, mvinyo wote umekuwa siki!

Wakuu, heshima kwenu. Nina hasira mpaka vidole vinatetemeka, mnivumilie.

Mimi ni mtengenezaji mdogo wa mvinyo mkoani Dodoma, halmashauri siitaji maana najua wamo humu. Nanunua zabibu nyekundu za Makutupora kwa wakulima, nasindika, nauza kwa chupa. Alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango) ninayo, stempu za kodi nabandika. Hao wa taifa tunaelewana. Wanaonitoa roho ni hawa wa hapa hapa.

Ijumaa mchana kaja afisa biashara, bwana afya na mgambo. Kosa: leseni ya vileo imeisha. Maombi ya kuhuisha nilishapeleka zamani, yamelala mezani kwao yanasubiri kikao! Nikawaonyesha nakala yenye muhuri wao. "Hayo ni maombi, siyo leseni." Kufuli likapigwa stoo nzima, mapipa yakiwa yanachachuka ndani, mpaka Jumatatu.

Kwa asiyejua: mvinyo mwekundu unachachuka pamoja na maganda yake. Gesi inayasukuma juu, yanashikana kama mkate kwenye mdomo wa pipa, na lazima uyazamishe kwa mti asubuhi na jioni. Ukiyaacha yapigwe na hewa kwa joto letu hili, siki hiyo. Nikamwambia yule afisa kwa adabu zote: mheshimiwa, funga duka, beba hata chupa zilizo tayari, ila niruhusu niingie na mti wangu tu, mgambo wako asimame pembeni. Akaniambia niandike barua. Ijumaa saa tisa alasiri, barua naipeleka kwa nani?

Jumatatu harufu ilitupokea kabla mlango haujafunguka. Vijidudu vimetanda juu ya kila pipa. Aliyefungua akaziba pua, halafu, bila aibu, akanipa namba ya malipo ya faini.

Na kwenye geti la ushuru wa mazao nako ni yale yale. Kwenye bajeti ya 2017/18 serikali ilisema mazao yasiyozidi tani moja yakitoka halmashauri moja kwenda nyingine yasitozwe ushuru. Kirikuu (kipikapu kidogo) ya mkulima wangu haifikishi hiyo tani, lakini kila msimu inazuiwa. Zabibu ziko juani, maji yanachuruzika kwenye bodi, kijana wa mashine ya ushuru anasema yeye hajaletewa waraka wowote. Halafu Nane Nane wanapanda jukwaani kutuhimiza tuongeze thamani ya zao!

Wanasheria wa humu, nisaidieni. Kuna kifungu gani kinachomruhusu afisa kufunga chumba cha kuchachulia badala ya sehemu ya kuuzia? Na mali ikiozea ndani ya kufuli lao, namdai nani, halmashauri au yeye mwenyewe? Picha za mapipa ninazo, nakala yenye muhuri ninayo, na wakulima walionikopesha zabibu wameshaanza kupiga simu.