Harusi ya pikiniki: mliofanya, tupeane uzoefu

Wakuu, salaam. Mimi na mwenzangu tunataka harusi ya pikiniki hapa Dar, Aprili, baada ya Pasaka. Watu 80, mikeka, vikapu vya chakula, ukumbi hapana. Kamati inanuna. Mama anauliza wakwe watakaaje chini. Mliofanya, mliwezaje?

Mdau wa Kigamboni: Aprili? Hiyo si masika kabisa, dada! Sogeza hadi Septemba. Kama ni ufukweni, angalia mwezi kabla hujachapisha kadi. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hapa hujaa mnamo saa kumi alasiri, saa ileile watu wanayopenda kuanza. Sisi mvuvi mmoja alituokoa. Tulisogeza wiki moja, tukaangukia maji mafu, siku ambazo bahari haijai sana, na saa kumi bahari ilikuwa mbali. Juni na Julai kusi inavuma, mchanga unaingia hadi kwenye keki.

Mdau wa Moshi: Wakwe usiwakalishe chini, utasemwa mpaka ubatizo wa mtoto. Viti vya wazee tuliweka chini ya mti, vijana tukabaki mikekani, na hakuna aliyenuna. Meza ilikuwa moja tu, ya ndafu (mbuzi mzima wa kuchoma) na keki, maana Uchagani ndafu haiwekwi kwenye mkeka. Asubuhi kagueni siafu. Sisi tulizungushia majivu.

Mdau wa Nairobi: Ukifanyia kwenye msitu kama Karura, tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi humo: chupa za maji, sahani, vikombe, mirija. Tulikodi vyombo vya melamini. Wajomba walifika na katoni za maji, zikarudi kwenye gari.

Bwana harusi mstaafu: Msidanganyane kwamba ni bei rahisi. Ukumbini choo, umeme na maegesho vipo tayari. Uwanjani kila kimoja unakilipia peke yake. Choo cha kukodi msikifanyie ubahili. Na MC aambiwe mapema: jua likishazama saa kumi na mbili na nusu, giza halisubiri hotuba ya baba mdogo.

Mdau wa Tanga: Chakula ndicho kilichonipa raha. Kila familia ilipewa kikapu cha ukili: sambusa, kababu, kachori, mkate wa kumimina, ndizi mbivu. Pilau ilikaa kwenye hotipoti. Vya nazi niliviacha vyote, mchuzi wa nazi kwenye joto lile unachacha kabla ya zawadi. Bibi yangu alilalamika hakuna wali wa nazi, akabeba vikapu viwili.

Mwanzisha mada: Asanteni, Septemba imepita kwa mama. Dada wa Tanga, kikapu kimoja kilitosha watu wangapi?

Mdau wa Tanga: Sita. Ila upande wa wajomba piga hesabu ya wanne.