ThinkPad T440p inachemka: nibadilishe prosesa au nianze na feni?

mwalimu_fizikia_dom

Habari zenu wakuu. Mimi ni mwalimu wa fizikia mjini Dodoma, na kwa mwaka mmoja sasa nimekuwa nikirekodi masomo kwa simu na kuyahariri kwenye kompyuta mpakato aina ya ThinkPad T440p ambayo niliinunua ikiwa imeshatumika. Ina prosesa ya i5-4300M yenye viini 2 (sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa pamoja), rami ya gigabaiti 8 na diski ya SSD. Tatizo huanza ninapotoa video iliyokamilika (export) kutoka kwenye programu ya kuhariri. Dakika chache za mwanzo kazi huenda vizuri, kisha feni huvuma kwa nguvu, programu ya vipimo ya HWiNFO huonyesha nyuzi 98 za Selsiasi, na kasi ya prosesa hushuka kutoka karibu gigahezi 3 hadi 1.5. Somo la dakika 20 huchukua zaidi ya saa moja na nusu, na mara mbili mashine imejizima kabla kazi haijaisha.

Muuzaji mmoja amenishauri nifunge i7-4700MQ yenye viini 4. Ninaomba kujua kama mashine hii inaikubali, na kama joto litapungua au litazidi. Wanafunzi wangu wanayategemea masomo haya, kwa hiyo sitaki kutumia fedha mahali ambapo hazitasaidia.

fundi_bodi_kkoo

Mwalimu, inaikubali, lakini usiinunue bado. Prosesa yako ina kikomo cha nyuzi 100, na inapokikaribia hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Kushuka hadi gigahezi 1.5 ndiko huko kujilinda. Maana yake ni kwamba hata i5 uliyonayo hujawahi kuitumia ipasavyo. Ile i7-4700MQ imepangiwa wati 47 za joto ilhali yako imepangiwa wati 37, na kuifunga juu ya upoozaji unaoshindwa na wati 37 ni sawa na kuongeza abiria kwenye gari ambalo injini yake inachemka tayari.

Je, imewahi kufunguliwa? Mashine nyingi za mtumba ninazozipokea zina tabaka la vumbi na nyuzinyuzi kati ya feni na mapezi ya shaba, nene kama kipande cha blanketi, na kupuliza kwa nje hakuliondoi, bali hulisukuma ndani zaidi. Chomoa chaja na betri, fungua mfuniko wa chini, ondoa feni pamoja na bomba lake la shaba, kisha toa tabaka hilo kwa kibano au brashi. Ukitumia upepo, zuia mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke ovyo, kwa sababu kuyazungusha kwa kasi kubwa huharibu beringi.

Halafu tazama pesti ya joto, ile inayopakwa kati ya prosesa na bamba la bomba la shaba ili kupitisha joto. Ikiwa imekauka na kupasuka kama tope la kiangazi, ifute yote kwa spiriti safi na kitambaa kisichoacha nyuzi, uweke mpya yenye ukubwa wa punje ya mchele katikati ya prosesa. Rudisha skrubu kwa kufuata namba zilizoandikwa kwenye bamba, ukikaza kila moja kidogo kidogo, maana bamba likikaa upande mmoja pesti haienei. Nakusihi usishawishike kutumia ile pesti ya metali kimiminika. Ina galiamu, ambayo hula alumini, na tone moja likidondokea kwenye ubao mama linaweza kuleta shoti.

mhariri_mwanza

Naungana na fundi, ila kuna jambo la pili ambalo pengine linakula muda wako kuliko hata joto. Simu nyingi za sasa hurekodi kwa H.265, mfumo mpya wa kubana video. Kizazi cha nne cha Intel, ambacho ndicho cha prosesa yako, hakina mzunguko kamili wa kufungua video za aina hiyo, kwa hiyo mzigo wote huangukia viini vyako 2. Ingia kwenye mipangilio ya kamera uchague H.264, mfumo wa zamani zaidi. Wakati wa kutoa video, chagua Quick Sync, yaani mzunguko maalumu wa Intel wa kubana video, badala ya kuviachia viini kazi yote; i5-4300M inayo ndani ya sehemu yake ya michoro ya HD 4600. Faili hutoka kubwa kidogo kwa ubora uleule, lakini kwa masomo ya ubaoni tofauti hiyo haionekani.

mwalimu_fizikia_dom

Wakuu, nimerudi na vipimo. Niliifungua Jumamosi, na nilichokikuta kati ya feni na mapezi kilikuwa kama alivyoeleza fundi: kipande kizima kilichobanduka bila kuvunjika. Pesti ilikuwa imegeuka unga. Nimeitoa tena video ileile ya dakika 20, kwa mipangilio ileile ya zamani, chumba kikiwa na nyuzi 27. Joto la juu kabisa ni 81, kasi haikushuka, na kazi imechukua dakika 52. Baada ya hapo nikajaribu Quick Sync kama alivyoshauri mhariri, nikapata dakika 17. Naomba radhi kwa kuonyesha furaha yangu waziwazi, lakini nilikuwa karibu kuiuza.

Kwa kuwa sasa joto limetulia, narudi kwenye swali langu la awali: je, viini 4 vitanifaa? Somo lenye michoro mingi bado hukwamakwama ninapolihariri.

injinia_znz

Sasa swali hilo lina maana, mwalimu, na jibu langu ni ndiyo, ila si 4700MQ. Tafuta i7-4712MQ au i7-4702MQ. Zote zina viini 4 na zimepangiwa wati 37, sawasawa na i5 unayoitoa, kwa hiyo upoozaji wako hautatakiwa kubeba zaidi ya ulichobuniwa kukibeba. Zina kasi ya chini kidogo kuliko 4700MQ, lakini kasi ambayo prosesa inaweza kuishikilia kwa saa nzima ndiyo inayomaliza kazi. Wewe unajua kutokana na fizikia kwamba nguvu inayopotea kama joto hukua pamoja na kasi, na pia pamoja na mraba wa volti. Ndiyo maana viini 4 vinavyokwenda polepole kwa volti ndogo vinaweza kufanya kazi zaidi ya viini 2 vinavyokimbizwa. Kumbuka pia kwamba chumba kikipanda nyuzi 5, prosesa nayo hupanda karibu 5. Kwetu Unguja mwezi Februari hilo si jambo dogo.

Angalia herufi za mwisho kwa makini sana. MQ huchomekwa kwenye soketi; HQ huchomelewa moja kwa moja kwenye ubao mama, na anayekuuzia HQ anakuuzia kitu usichoweza kukifunga. Vivyo hivyo, wasomaji wenye T440 au T440s wasidhani ushauri huu unawahusu, kwa sababu prosesa zao zimechomelewa. Prosesa mpya isikupe tumaini kuhusu Windows 11 pia: orodha ya Microsoft, ukiacha prosesa chache, huanzia kizazi cha nane cha Intel.

fundi_bodi_kkoo

Naongeza mawili. Kabla ya kununua prosesa, ongeza kijiti cha pili cha rami ya DDR3L (aina inayotumiwa na mashine hii), kwani kukwamakwama wakati wa kuhariri kwa gigabaiti 8 mara nyingi ni rami iliyojaa. Fungua programu yako ya kuhariri na utazame imebaki kiasi gani. Pili, ukifikia kubadilisha, soketi ina skrubu moja ya kufungia, unaizungusha nusu tu. Pini ziko kwenye prosesa yenyewe, kwa hiyo iweke kwa kulinganisha pembetatu ndogo ya dhahabu na alama ya soketi, bila kuisukuma hata kidogo. Isiyoshuka kwa uzito wake haijakaa mahali pake.

mwalimu_fizikia_dom

Nimetazama: inabaki chini ya gigabaiti moja ninapokuwa na mradi wenye michoro. Nimeagiza kijiti cha gigabaiti 8. Nikikifunga nitahariri mradi uleule, na kama bado utakwama ndipo nitatafuta 4712MQ.