Milioni za watu zimeliwa, harusi imefanyika Italia, ndoa hakuna

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sina sababu ya kuificha.

Mdogo wangu wa kike na shemeji walikwenda kufunga ndoa Italia, kwenye nyumba ya shambani huko mkoa wa Toscana, kusini mwa mji wa Siena. Walimlipa mratibu wa harusi zaidi ya euro 19,000. Picha mliziona, mizeituni, misonobari mirefu, gauni linapepea. Leo hii, miezi imepita, hawa watu kisheria si mume na mke. Si Italia, si Tanzania. Hakuna daftari la serikali yoyote lenye majina yao.

Kabla hamjanijia na "si wangefungia Bagamoyo", naomba mnielewe. Shemeji ni Mwislamu, sisi ni Wakristo, na hakuna upande uliokuwa tayari kubadili dini. Wakakubaliana ndoa ya kiserikali. Shemeji alisoma Pisa, mji wa huko huko Italia, anaipenda ile nchi, wakaona wakafungie mahali ambapo hakuna ukoo utakaosema ni kwake. Hela walitafuta wenyewe, ndugu tuliotaka kuchanga tukachanga. Hapo sioni kosa la mtu.

Kosa ni la mratibu. Jina siweki, jambo liko njiani kwenda kwa mwanasheria. Kwenye makadirio ya gharama aliyowatumia, mstari wa kwanza kabisa unasema sherehe ya ndoa ya kiserikali pamoja na nyaraka zake zote. Umeandikwa hivyo, ninao.

Sasa sikilizeni sheria ya Italia inavyotaka, maana nimelazimika kuijua kwa uchungu. Mgeni anayetaka kufunga ndoa kule, kifungu cha 116 cha sheria yao ya kiraia kinamtaka alete hati ya mamlaka ya nchi yake inayosema hana kizuizi cha kuoa au kuolewa. Wenyewe wanaiita nulla osta. Ukiipata kwenye ubalozi wa nchi yako Roma, unaipeleka Prefettura, ofisi ya serikali kuu ya eneo lile, ikathibitishwe, na inabandikwa stempu ya euro 16. Unakwenda nayo halmashauri ya mji, comune, kwa ofisa wa usajili. Mashahidi wawili. Mkalimani kwa asiyejua Kitaliano. Anayefungisha ni meya au mtu aliyekasimiwa na meya, na huwa amevaa ule utepe wa rangi tatu za bendera. Na hafungishii popote tu: ni kwenye jengo la halmashauri, au mahali ambapo halmashauri yenyewe imepatenga rasmi kwa kazi hiyo.

Hakuna hata kimoja kilichofanyika. Wakati wote mdogo wangu akiuliza kuhusu nulla osta, anajibiwa "documents are in process, relax". Siku yenyewe akaletwa baba mmoja mtanashati, suti ya kitani, akasoma maneno matamu mbele ya ghala la zamani la nafaka, akawapa karatasi nene yenye mchoro wa tawi la mzeituni, wakasaini. Sisi tukapiga vigelegele. Yule baba hana mamlaka ya kumfungisha ndoa mtu yeyote. Ni mshereheshaji wa kukodiwa.

Tumejua lini? Mdogo wangu alipopeleka ile karatasi kazini ili mumewe aingizwe kwenye bima ya afya. Dada wa rasilimali watu akaigeuza mbele na nyuma, akauliza muhuri uko wapi. Shemeji akaiandikia ile halmashauri kwa Kitaliano, na jibu likaja la mistari mitatu: hakuna ndoa yenye majina hayo kwenye daftari lao.

Mdogo wangu alilia sebuleni kwangu mpaka akatapika. Halafu mtu ananiambia nisiongee kwa ukali.

Na msiseme shemeji anajua Kitaliano, angefuatilia mwenyewe. Mtu unamlipa mratibu ili afuatilie. Kama kila kitu ufuatilie wewe, zile euro ni za nini?

Hilo la karatasi ndilo kubwa, lakini siwezi kuliacha la mama yangu.

Mama ana goti lililofanyiwa upasuaji. Mratibu aliambiwa mapema, kwa maandishi, kwamba bibi harusi ana mama asiyeweza kutembea mwendo mrefu wala kupanda mlima. Akajibu kwamba gari litafika mlangoni. Zile nyumba za mashambani Toscana ziko juu ya vilima, na njia zake ni zile nyeupe za changarawe, nyembamba, zina kona kali. Mtu anayefanya kazi hiyo kila mwaka anajua fika basi kubwa halipandi pale. Dereva akasimama chini barabarani, akazima gari, akatuonyesha kilima kwa kidole. Mwezi wa saba, saa tisa mchana, joto limepita nyuzi 35, hakuna kivuli.

Vijana tukapanda kukimbilia msaada. Mama akabaki na mama mkubwa, amekaa kwenye ukuta mfupi wa mawe, viatu amevishika mkononi, vumbi jeupe limempaka vitenge vyake mpaka kiunoni. Aliyemchukua ni mfanyakazi wa shamba, kwa kigari chake cha kubebea makreti. Mama alipofika juu pete zilishavalishwa. Amesafiri kutoka Mbeya mpaka Toscana kumwona binti yake wa mwisho akiolewa, akakuta watu wanapiga picha. Hakusema neno. Alimkumbatia tu mwanae, akaomba maji.

Jioni tukakaa mezani. Hapa ndipo nilipotaka kupigana. Upande wa shemeji ni Waislamu, na orodha ya wageni wasiokula nguruwe ilitumwa ikiwa na majina. Chakula kikaja, tambi nene za kienyeji, pici, zimemwagiwa mchuzi wa nyama uliokolea. Shangazi yake shemeji, mtu mzima, Bi Mkubwa wa Tanga, ameshazungusha uma na anaupeleka mdomoni, akamgeukia shemeji: "Mwanangu, hii nyama gani?" Shemeji akamuuliza mhudumu. Mhudumu akajibu kwa furaha kabisa: cinghiale. Nguruwe mwitu. Ndiyo fahari ya mkoa ule, na mtu yeyote anayepanga menyu Toscana anajua kwamba ukiacha jikoni waamue wenyewe, nguruwe mwitu atakuja. Shemeji aliunyang'anya ule uma mkononi mwa shangazi yake mbele ya watu. Meza nzima ya wazee ikasukuma sahani. Usiku ule walikula jibini na mkate, na mkate wa kule hauna chumvi. Wageni wa heshima, siku ya harusi ya kijana wao.

Muziki ulizimwa mapema tukaambiwa ni kibali. Muziki kwenye sherehe Italia unalipiwa SIAE, chama chao cha haki za wasanii, na halmashauri nazo zina saa zao za kelele. Haya yote mratibu anayajua, na hakumwambia mtu.

Na viza. Ada ya viza ya Schengen, ile ya kuingia Italia na nchi nyingi za Ulaya, ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, hairudishwi, juu yake bima ya safari ya angalau euro 30,000. Maombi unaruhusiwa kuyapeleka hadi miezi sita kabla ya safari. Barua za mwaliko na uthibitisho wa malazi yule mratibu alizituma siku zimeshabana, na kaka yetu mkubwa, aliyepaswa kumshika mkono bibi harusi kwa niaba ya marehemu baba, viza ilitoka harusi imeshapita.

Majibu yake sasa? Kwamba tulipewa "symbolic ceremony", yaani sherehe ya ishara tu isiyo na nguvu ya kisheria, na kwamba wateja wengi huipenda. Nani aliiomba? Kwamba wateja wengi hufunga kwanza kwao ndipo waende kufanya sherehe. Hilo ni kweli, wengi hufanya hivyo, na ni jambo zuri kabisa: unatoa taarifa ya siku 21 kama Sheria ya Ndoa ya 1971 inavyotaka, mnafunga bomani, mnapanda ndege mkiwa na cheti. Angelisema hilo siku ya kwanza, mdogo wangu angelifanya wiki hiyohiyo. Hakusema kwa sababu alikuwa anauza kitu ambacho hana.

Tunachotaka ni hela ya sherehe ya kiserikali na nyaraka irudishwe yote, na barua ya kumwomba radhi shangazi na mama yangu. Mdogo wangu na shemeji wameshapeleka taarifa bomani, wanasubiri siku zao zitimie.

Mwenye uzoefu wa kudai fidia pale mkataba umesainiwa Dar na huduma imetolewa Ulaya, aje atuelekeze: tunafungulia wapi, na makadirio yaliyotumwa kwa barua pepe yanakubalika kama ushahidi? Na wewe uliyelipia harusi ya ng'ambo mwaka huu, usingoje siku ya sherehe. Iandikie leo ile halmashauri ya mji, uliza kama jina lako liko kwenye ratiba yao.