Kiswahili hakijawahi kuniuliza jinsia, ninyi mnaiulizia nini?

Wakuu, leo sina salamu ndefu.

Miaka mitatu najibu maswali ya kompyuta humu jukwaani kwa ID (jina la kujiandikishia) isiyosema kama mimi ni Ke au Me. Sijamdanganya mtu. Lugha yenyewe inasitiri: "yeye", "alisema", "huyu", havina ndevu wala hina. Nikaitwa mkuu, fundi, kaka. Nikisema diski inayogongagonga izimwe hapo hapo, maana kila ikiwashwa inaweza kujikwaruza ikamaliza hata mafaili yaliyobaki, watu wanazima na asante wanatoa.

Wiki iliyopita nikateleza. Nikaandika "nilipoolewa". Lugha hiyo hiyo iliyonisitiri, ikifika kwenye ndoa inakuanika: mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa.

Yakaanza. Siku mbili baadaye nikatoa ushauri uleule wa diski, naulizwa "umeutoa wapi, dada?" Mwingine anamwambia muulizaji avute subira, mafundi wanakuja. (Mimi ni nani, mpishi wa mafundi?) Akatokea jamaa mmoja, akanakili maneno yangu mpaka na kosa langu la herufi, kamwagiwa laiki.

Inboksi sasa haifunguliki. Hakuna hata mmoja anayeulizia diski. "Mrembo upo?" "Shemeji anajua unakesha huku?" Kuna aliyetaka picha ahakikishe mimi ni mwanamke kweli, nilipokataa, akatangaza kuwa mimi ni dume linalotafuta wa kuwachuna. Yaani nikisema ni tatizo, nikinyamaza ni tapeli.

Na wale wa "jina bandia ni la waoga, tumieni majina halisi", mmechelewa. Mwaka 2010 kampuni ya michezo ya kompyuta, Blizzard, ilitangaza kuwa wachezaji wataandika kwenye majukwaa yake kwa majina yao halisi. Wachezaji wakaja juu, na ndani ya siku chache mpango ukafutwa. Usumbufu wa wanawake ulikuwa miongoni mwa hofu zilizotajwa. Jina langu nalitoa nikitaka mimi, kwa nimtakaye.

Ushauri wa kufungua ID mpya pia nimeusikia. Sifungui. Hii nimeijenga kwa majibu yangu, jibu kwa jibu, sikuiokota.

Halafu yule mnakili, jana kayabandika maneno yaleyale kwa mtu mwenye SSD, aina ya diski isiyo na sehemu hata moja inayozunguka. Igonge nini?

Bado mnamwita mkuu.