Nina samaki klauni mmoja mkubwa, nimtafutie dume au jike?

Wakuu, habari za jioni. Niko Dar, nafuga samaki wa maji chumvi kwenye tangi la lita 200. Ninaye klauni mmoja, Amphiprion allardi, yule wa kahawia iliyoiva mwenye mikanda miwili na mkia mweupe. Amekaa peke yake muda mrefu, sasa ni mkubwa. Natamani sana wazae hapa nyumbani, nisiendelee kununua waliotolewa kwenye miamba. Muuzaji anasema mkubwa kama huyu ni dume, nichukue mdogo awe jike. Ni kweli?

MzeeWaMatumbawe
Mkuu, mdogo mchukue, ila sababu uliyopewa siyo. Klauni hutangulia kuwa dume, ujike huja baadaye. Anayewatawala wenzake ndiye hugeuka jike, anayemfuata kwa ukubwa anakuwa dume wake, waliobaki wanadumaa bila kuzaa. Jike akifa, dume anachukua nafasi yake na kugeuka jike. Akishageuka harudi tena. Wako ama ameshakuwa jike, ama atageuka akipata mdogo wa kuwa chini yake. Usimletee mkubwa mwenzake! Majike wawili hupigana hadi kuuana. Na huyo mdogo awe allardi vilevile.

BintiPwani
Huenda muuzaji anachanganya na Centropyge, wale samaki malaika wadogo. Hao ni kinyume: huanza majike, mkubwa ndiye hugeuka dume. Hata acanthops wa bahari yetu, yule wa bluu mwenye mgongo wa rangi ya chungwa, yuko hivyo.

Mwenye uzi
Ahsanteni sana. Nikimleta nimwachie tu ndani? Naogopa atauawa.

MzeeWaMatumbawe
Hapana. Mweke kwanza kwenye kikapu cha plastiki chenye matundu, humohumo tangini, waonane siku kadhaa. Mfungulie taa zikiwa zimezimwa, kisha mwangalie huyo mdogo. Akitetemeka mwili mzima na kulala ubavu mbele ya mkubwa, amekubali kutawaliwa, na hicho ndicho unachokitaka. Kufukuzana kidogo ni kawaida. Ukiona mapezi yamechanika, au amejibanza kwenye kona ya juu na hataki kula, mtoe siku hiyohiyo.

FundiTangi
Wakielewana, weka kipande cha chungu karibu na wanapolala. Wakianza kukisugua kwa midomo, mayai yamekaribia. Hapo ndipo utawatofautisha kwa macho: kimrija kinachochomoza chini ya tumbo ni kinene na butu kwa jike, chembamba kwa dume. Dume huyapepea mayai kwa mapezi, na baada ya wiki moja hivi yanaanguliwa usiku, giza likishaingia. Anza kuotesha rotifa, vile vijidudu vya majini vya kuwalisha watoto, mapema, maana siku za kwanza vinywa vyao ni vidogo mno kwa artemia, vile vikamba vidogo. Ila uwe na subira, mkuu. Toka kuelewana hadi kutaga mwaka unaweza kupita.

Mwenye uzi
Na anemoni je, yule mnyama wa minyiri ambaye klauni hukaa ndani yake, ni lazima?

FundiTangi
Si lazima, wengi hutaga bila hiyo. Anemoni inataka taa kali na maji ambayo hali yake haibadilikibadiliki. Hela hiyo nunulia tangi dogo la watoto.