Tiba ya hofu kwa simu: bima ilipe au tusubiri?

Mtoa mada, Sinza
Tangu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ipite 2023, kila mtu anataka huduma yake iingie kwenye kitita cha mafao. Mimi naitetea tiba ya fikra na tabia kwa intaneti, kwa wenye mashambulio ya hofu. Moyo unakwenda mbio, pumzi inabana, vidole ganzi, mtu anaona anakufa. Baada ya dakika kumi hivi kilele kimepita. Anakimbizwa hospitali, ECG (kipimo cha umeme wa moyo) safi, anapewa dawa ya kutuliza, diazepam, wiki ijayo karudi. Uswidi na Australia wanaitoa tiba hii mtandaoni miaka mingi: somo moja kwa wiki, wiki 8 hadi 12, mtaalamu akijibu mazoezi kwa dakika 10 au 15. Muda wa kumwona mgonjwa mmoja ofisini unatosha wanne.

Muuguzi, Temeke
Taratibu, kaka. Hiyo "ECG safi" nani kaipima? Mwenye homoni nyingi za tezi ya shingo naye anatetemeka na kutoka jasho. Upungufu wa damu, sukari kushuka, pumu, vyote vinafanana na hofu. Simu haishiki mapigo. Asiyepimwa asisajiliwe, basi.

Mwanasaikolojia, Upanga
Dada Muuguzi yuko sawa, ila tatizo kubwa liko mbele zaidi. Masomo ya mwanzo ni mepesi: mtu anajifunza mzunguko alioueleza David Clark mwaka 1986, kwamba mapigo yakipanda unayasoma kama kifo, hofu inaongezeka, mapigo yanapanda tena. Wengi wanafika hapo na kusema wameelewa. Kuelewa hakutibu.

Kazi inaanza pale mgonjwa anapotakiwa kuileta hali yenyewe kwa makusudi: kuhema haraka kwa dakika moja, kupumulia mrija huku pua imebanwa, kupanda ngazi mbio. Kabla ya zoezi anaandika anachotabiri ("nitazimia"), baada yake anaandika kilichotokea. Ganzi inakuja kweli, kwa sababu kuhema kunapunguza kaboni dayoksaidi kwenye damu. Kuzimia hakuji. (Mwenye pumu, moyo, kifafa au mimba harukii hapa bila daktari.)

Halafu basi la mwendokasi. Kimara hadi Ubungo mchana, baadaye hadi Magomeni, mwisho hadi Kivukoni saa ya msongamano. Makosa ni yaleyale: anashuka hofu ikiwa kileleni, au anafika salama lakini kakumbatia chupa ya maji na kidonge mfukoni. Kichwani anahesabu kwamba chupa ndiyo iliyomwokoa. Programu inaona tiki tu kwenye kisanduku. Anayesoma maelezo yake ndiye anayeuliza, "Ulishika nini njia nzima?" Ndiyo maana zile zisizo na mtu wa kufuatilia huachwa njiani zaidi.

Msanidi programu, Kijitonyama
Dokta, hilo linawezekana bila kumaliza bando la mtu. Ondoeni video; maandishi na sauti fupi zinazopakuliwa mara moja zinatosha. Shida ninayoiona mimi ni simu ya familia. Kikumbusho kiseme "zoezi lako la leo", neno hofu lisionekane kwenye kioo, na programu ifunguke kwa namba ya siri. Majibu ya mgonjwa ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, hayakai kwenye kundi la WhatsApp.

Mtoa mada, Sinza
Sawa, nimekubali kipimo kwanza. Lakini mkisema lazima mtaalamu, mnaturudisha kwenye foleni ileile.

Mwanasaikolojia, Upanga
Si lazima awe bingwa. Mhudumu aliyefundishwa na kusimamiwa anaweza kujibu, mradi ajue kuuliza habari za ile chupa. Bima ikilipa kwa idadi ya waliojisajili, tutapata usajili. Ilipe kwa wiki ambazo mazoezi yamejibiwa, na mgonjwa asiyeandika siku saba apigiwe simu.

Muuguzi, Temeke
Na akiandika kwamba anataka kujiua saa saba usiku? Hiyo namba ya kupiga iwe kwenye mkataba kabla shilingi haijatoka.